Moshi wa Nyumba ya Mikayi

Asifiwe Mungu aliyelimwaga ziwa mahali pake na kulipandia mafunjo pembeni, aliyempa furukombe macho ya kumwona samaki kutoka juu ya mti, na akanipa mimi miguu ambayo mpaka leo inanifikisha kazini bila bakora. Asifiwe pia kwa subira aliyoniwekea. Nilidhani amenipa ya kunitosha hadi siku ya kuzikwa, lakini mambo ya boma la bustani yalikaribia kuimaliza yote, ikabidi nirudi kwake kuomba nyingine.

Nilifundisha somo la dini katika shule za msingi mpaka nikastaafu. Mume wangu alikuwa amekwisha kulala katika Bwana, na wanangu wana nyumba zao. Kasisi wetu alipotangaza kwamba bustani moja kando ya ziwa, nje kidogo ya Kisumu, inatafuta mtu mzima wa kuwatembeza watoto wa shule na kuwaeleza habari za viumbe na za maisha ya zamani, niliinua mkono kabla hajamaliza tangazo. Bustani hiyo inaendeshwa na bodi ya watu wachache ambao huwaoni mpaka kuwe na chai. Ina swala pala wachache, tumbili wengi kupita kiasi, njia ya mbao inayoingia kwenye mafunjo, na kiinuko kitupu ambapo bodi iliahidi kujenga boma la Kijaluo kama walivyojenga babu zetu, ili watoto walione kwa macho badala ya kulisoma kitabuni.

Watoto hawajawahi kunichosha. Wananiita Dani, yaani bibi, wananishika vidole, wananiuliza kama kiboko anajua kuomba. Wanaonichosha ni wakubwa wanaokuja nao. Asubuhi moja tulikuwa kwenye njia ya mbao na furukombe akashuka mbele yetu, karibu kabisa, akanyakua samaki majini na kupaa naye huku samaki akijipinda. Watoto walivuta pumzi wote pamoja. Mwalimu wao, kijana aliyevaa miwani ya jua, alikuwa amelipa ziwa mgongo.

"Geukeni huku!" akasema. "Picha! Wa mbele wachuchumae!"

"Mwalimu," nikamwambia, "tai huyo hapo nyuma yako."

"Nimemwona, Mama. Yuko kwenye ubao pale." Kisha akawaambia watoto, "Haya, nakilini maneno ya ubao. Kila mtu. Sitaki kelele."

Wakainamisha vichwa, wakanakili kwamba furukombe hula samaki, wakati yeye mwenyewe alikuwa juu ya mti akimla. Nilimwomba Mungu amsamehe yule kijana, na aniruhusu nami nimsamehe, ingawa si siku hiyohiyo.

Sasa boma. Wasiokujua kwetu wataona ni jambo dogo: nyumba za udongo, paa za nyasi, ua wa miti, basi. Lakini fundi wa nyasi alipofika na watu wake, pamoja na akina mama wa kukandika udongo, waliketi chini ya mti wakakataa kuanza. Waliuliza dala hii ni ya nani. Dala ni mji wa mtu. Mtu huuanzisha kwa kuingia asubuhi na jogoo na shoka, mwanawe wa kiume akiwa naye, na mke wake wa kwanza, tunayemwita mikayi, akiwa na moto. Nyumba ya mikayi ndiyo ya kwanza kusimama, nayo hutazama lango. Bila mwenyewe, walisema, hapa tunajenga nini? Banda?

Msimamizi wa bustani alicheka. Ni mtu mchangamfu, mwenye suti ya rangi ya kahawa na majibu kwa kila kitu.

"Si mnataka mwenye boma? Basi ni mimi!"

Nikamvuta kando. "Bwana Msimamizi, hawa watu hawafanyi mchezo."

"Mwalimu, ni maonyesho tu. Wewe mtu wa kanisa unaogopa jogoo?"

"Jogoo simwogopi. Naogopa kesho."

Hakunisikia. Kesho yake alikuja na jogoo kwapani na shoka la kupasulia kuni za jikoni, akapiga picha langoni akiwa amesimama kama amezaliwa pale. Mzee mmoja akamuuliza, "Na mama mwenye moto yuko wapi?" Akajibu, "Yuko kazini, mzee, tuendelee." Wakaendelea. Nyumba zikasimama vizuri kweli, siwezi kusema uongo. Ile picha yake ikakuzwa na kubandikwa kwenye ubao langoni, na chini yake maneno makubwa: MWENYE BOMA.

Shida ilianza na moto. Nyumba ya nyasi hudumu kwa moshi. Moshi wa jikoni ukipanda kila siku, nyasi hukauka, mchwa na fukusi hukimbia, na paa hukaa miaka. Usipowasha, wadudu huhamia na jamaa zao. Kulikuwa na mama mfinyanzi aliyeajiriwa kuwaonyesha watoto kazi ya vyungu. Ni jirani yangu kanisani, tunakaa benchi moja. Nikamwomba awe anawasha moto kila asubuhi katika nyumba ya mikayi.

Akanitazama kama nimemwomba aibe sadaka.

"Mimi? Niwashe jiko la kwanza la nyumba ya mwanamke mwingine?"

"Mwanamke gani? Nyumba ni ya bodi."

"Bodi haivai rinda, Mwalimu. Siku mwenye nyumba akija akinikuta mafigani kwake, nitamwambia nini? Kwamba nafinyanga?"

"Hakuna mwenye nyumba!"

"Yuko langoni, tena amepigwa picha. Mwanamume mwenye dala ana mke. Huyo mke ndiye mwenye moto."

Nikasema basi nitawasha mwenyewe. Nimebatizwa, nasoma Neno kila siku, na sioni mahali popote palipoandikwa kwamba kiberiti changu kina nguvu ya kunioza kwa mwenye boma. Lo! Yule mama alikishika kile kiberiti kwa mikono miwili. Mjane kuwasha moto katika dala ya mtu! Fundi wa nyasi akaitwa. Akaja akifuta jasho, akaniambia kwa heshima zote kwamba ananiheshimu kama mama yake, ila nikiwasha, yeye na watu wake hawatakanyaga tena pale, na akina mama wa vijiji vya karibu hawataruhusu watoto wao waje. Hapo wakanishinda. Moto sikuuogopa, lakini bila fundi na bila watoto ningebaki nikiwahubiria tumbili.

Nikarudi kwa msimamizi. Nikamweleza pole pole, jinsi nilivyokuwa nikieleza amri kumi kwa darasa la pili. Nikamwambia amlete mkewe siku moja tu, awashe moto, mambo yaishe.

"Mke wangu ana biashara katika soko la Kibuye," akasema. "Anauza nguo za watoto, hana nafasi ya mambo haya. Tena sijamwambia habari za jogoo. Atanicheka."

"Afadhali akucheke."

"Kwani ni moshi mnataka? Kuna mashine ya moshi, Mwalimu. Ile ya harusi, ya kutolea maharusi nje. Nitaiazima. Watoto watafurahi."

Nilitoka ofisini nikaenda kukaa kwenye njia ya mbao, nikasoma zaburi moja kwa sauti, nikairudia, mpaka mafunjo yakaanza kunipendeza tena.

Mvua za masika zikakaribia. Unga wa miti ulioliwa na fukusi ulikuwa ukidondoka sakafuni kama mtu anachekecha mahindi juu ya dari. Paa la nyumba ya mikayi likaanza kulegea upande mmoja. Bodi ikaja, ikanywa chai, ikalitazama. Mwenyekiti akasema maneno yaliyonikaa kifuani: watoto wa Gredi ya Nne wanakuja wiki ijayo kufungua ziara za muhula, siku hiyo bodi italikagua boma, na kama nyumba haifai kuingiwa na mtoto, itabomolewa pamoja na nyingine zote, na kiinuko kitawekewa mahema ya harusi na maegesho ya magari. Watu wa harusi walikuwa wameshakuja kupima.

Nataka nieleweke hapa. Kwangu hizo hazikuwa nyumba za udongo tu. Watoto wengi wanaokuja wamezaliwa katika vyumba vya kupanga mjini. Ukiwauliza kwao ni wapi wanakutajia jina la duka. Nilikuwa nimewaona wakiingia mle ndani, wakagusa ukuta wenye alama za viganja vya akina mama, wakashusha sauti bila kuambiwa, kama tunavyotaka washushe kanisani na hawashushi. Mahali pale pakigeuka maegesho, kazi yangu imekwisha, na wao watabaki na ubao wa kunakili. Nikaomba kwa bidii. Niliomba kwa jina na kwa mpangilio: Bwana, ipe bodi moyo laini, Bwana, mpe msimamizi akili, Bwana, mpe jirani yangu ujasiri. Hakuna hata moja aliyojibu kama nilivyoipanga.

Siku ya Gredi ya Nne ikafika. Basi la shule liliingia likipiga honi, watoto wakashuka wakiwa na soksi nyeupe mpaka magotini, na yuleyule mwalimu wa miwani. Mwenyekiti wa bodi alikuwa amekwisha kuketi kivulini akisubiri kukagua. Msimamizi alikuwa langoni mwa boma na mashine ya moshi miguuni, akiuvuta waya wa umeme ambao haukufika.

Nilianza na ndege wanaofuma viota. Kisha nikawaleta watoto mbele ya nyumba ya mikayi, nikawaambia ni ya nani na kwa nini inatazama lango: ili mama wa nyumba amwone kila anayeingia. Nilipotamka hayo, wote tukageuka kutazama lango, na hapo akawa anaingia mwanamke.

Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na mkoba ameukamata chini ya kwapa. Alisimama mbele ya ubao wenye picha ya jogoo. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumleta pale. Msimamizi alipomwona akauweka waya chini.

"Mama watoto," akasema. "Karibu. Sikujua unakuja."

"Utajuaje? Mimi mwenyewe sikujua nimehamia." Akaja mpaka tulipo. "Watoto, hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Hii nyumba ni ya nani?"

Watoto wa siku hizi hawanyamazi wanapojua jibu. Wakapaza sauti kwa pamoja, "Ya mke wa kwanza!"

"Mke wa kwanza wa nani?"

Wakatazamana. Kisha msichana mmoja mdogo akanyoosha kidole kwenye ubao, na wengine wakanyoosha, mpaka vidole vyote vikawa vimetua juu ya msimamizi wa suti ya kahawa.

"Ya mwenye boma!"

"Yawa!" akasema yule mama. "Hata watoto wa shule wanajua. Mimi wateja ndio wananiambia Kibuye, mbele ya watu: hongera mama, mzee ameanzisha dala, mbona hukutualika? Mwingine ananiuliza kwa upole, kwani mikayi ni nani huko?"

"Ni maonyesho tu, mama watoto."

"Na jogoo alikuwa wa maonyesho?"

"Ndiyo."

"Mlimla?"

Msimamizi akakohoa. "Tulimla."

"Kwa maonyesho?"

Mafundi waliokuwa nyuma ya ua walicheka mpaka ua ukatikisika. Mwalimu wa miwani, asijue la kufanya, akafanya alilozoea. "Watoto, andikeni!" Na yule msichana mdogo akauliza, "Mwalimu, na ya jogoo pia tuandike?"

Mama yule hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango wa nyumba, nikaelewa kwamba kwake hili halikuwa mzaha hata chembe. Kujenga nyumba ya mke wa kwanza na kumwacha nje ni kumwambia mji mzima kwamba kuna mwingine, au kwamba yeye si kitu. Alikuwa amekuja kuona kama kuna mwanamke ndani.

Hapo nami subira yangu ilikuwa imefika mwisho, na nadhani Mungu aliniachia ifike.

"Mama," nikamwambia, "ndani hakuna mtu. Ndiyo maana nyumba inaanguka. Hakuna mwanamke aliyekubali kuwasha jiko lako. Nimewabembeleza tangu ilipoezekwa, wanasema mwenyewe hajaja. Sasa umekuja. Kama nyumba ni yako, ingia uone inavyoliwa. Kama si yako, mwambie yule mzee kivulini aibomoe, nami niende nyumbani nikapumzike."

Akanitazama. Akavua viatu, akainama, akaingia. Tukamsikia akipiga ukuta kwa kiganja. Tukamsikia akipiga chafya. Kisha sauti yake ikatoka nje, sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja sokoni.

"Nani ameniachia nyumba yangu namna hii? Kuni ziko wapi?"

Jirani yangu mfinyanzi hakungoja kuambiwa. Alichota makaa kwenye tanuri yake ya vyungu kwa kigae, akaja nayo mbio, na mlangoni akamkabidhi mwenyewe bila kukanyaga ndani. Kuni zikaja. Moto ukashika. Mfinyanzi akapiga vigelegele ambavyo nina hakika vilisikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Ingieni, watoto wangu," mama mwenye nyumba akasema. "Hii ni nyumba. Haitazamwi kwa nje."

Wakaingia kwa zamu, nami nikiwa nao. Moshi ulijaa, ukatafuta njia kwenye nyasi, na wadudu wakaanza kutuangukia vichwani. Mayowe! Soksi nyeupe ziligeuka rangi. Mwalimu wa miwani alikuwa mlangoni akilia kuhusu sare na wazazi watakavyosema. Lakini watoto walimzunguka yule mama, macho yakiwatoka machozi, wakimuuliza mafiga ni mangapi na kwa nini, yeye analala wapi, kuku wanalala wapi, na baba akija anaketi wapi.

"Baba akija," akasema, akitazama mlango, "kwanza ataeleza alikokuwa."

Nje, moshi ulipotokea juu ya paa, mwenyekiti wa bodi aliinuka kivulini akapiga kelele kwamba nyumba inaungua. Fundi wa nyasi ndiye aliyemrudisha kitini, akamweleza kwamba hivyo ndivyo nyumba yenye uhai hufanya. Baadaye fundi alipanda, akakaza upande uliolegea siku ileile, maana sasa dala ilikuwa na mwenyewe.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nimekaa kwa amani. Sivyo. Mama yule hawezi kuja kila siku, biashara haimruhusu, kwa hiyo kabla hajaondoka alimshika mfinyanzi mkono mbele yetu akamwambia, "Wewe sasa ni mtu wa nyumba yangu. Washa." Na jirani yangu anawasha kila asubuhi, bila hofu yoyote, kana kwamba si yeye aliyekishika kiberiti changu. Hilo ni jema. Lakini mwenye nyumba ameleta pazia la maua. Ameleta vitambaa vya kufumwa vya kufunika viti, katika nyumba ambayo mimi nawaambia watoto ni ya kabla ya reli kufika. Ameleta na kufuli. Siku akisahau kumwachia mfinyanzi ufunguo, tunasimama na basi zima la watoto mbele ya mlango uliofungwa, tunasubiri mtu kutoka Kibuye. Nikimwambia habari za pazia, ananiuliza, "Mwalimu, kwako hakuna pazia?"

Msimamizi amehamishiwa Port Victoria. Aliyemfuata alikuja na wazo la mahema, akasema boma halina haja tena kwa kuwa mwenye boma ameondoka. Mama alifika asubuhi iliyofuata, akasimama katikati ya mlango wake, akauliza swali moja tu: ni nani atakayevunja nyumba yake naye yu hai? Msimamizi mpya akaita vibarua. Hakuna kibarua upande huu wa ziwa aliyekubali kugusa nyasi hata moja. Watu wa harusi wameenda kupima kwingine.

Basi nilimwomba Mungu kwa mpangilio, naye akanijibu kwa mwanamke aliyekasirika. Ninamshukuru. Ninamshukuru hata kwa pazia, siku ambazo nimelala vizuri. Wiki iliyopita mtoto mmoja, akitoka mle ndani, alinusa mkono wa sare yake akaniambia, "Dani, nanukia kama nyumbani kwa bibi yangu." Mwalimu wake alikuwa akimwita aje kupiga picha. Nilimshika bega mtoto, nikamwacha anuse kwanza.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe mlango unaotazama wageni wema, akupe mtu wa kukuwashia moto siku ambayo huwezi kuwasha mwenyewe, na moshi wa nyumba yako upande kila asubuhi nawe ukiwa ndani, mzima, na watoto wakikuita kwa jina la upendo. Amina.